Namna ya Kuchora Mchunga Kondoo Asiyenuka Kondoo

Mtafute mnunuzi kabla hujanunua rangi. Hilo ndilo la kwanza, na wachoraji wengi hodari wamekufa na madeni kwa kulisahau. Picha ya mashambani hainunuliwi na watu wa mashambani. Mkulima wa Ufaransa ya karne ya 18 hana haja ya kutundikiwa kondoo ukutani. Kondoo, kama anao, wamelala upande wa pili wa ukuta huo huo, na usiku anawasikia wakikohoa. Anayehitaji kondoo wa kuchorwa ni yule ambaye kondoo wa kweli hajawahi kumkanyaga kiatu: kabaila mwenye nyumba Paris, mke wa mkusanya kodi, kipenzi cha mfalme. Huyo ana kuta ndefu, ana milango mingi yenye nafasi tupu juu yake, na anatamani sana kusikia kwamba huko zinakotoka fedha zake watu wanaishi raha mustarehe. Mpe anachotamani.

Ukishampata, kaa hapo hapo mjini. Wanafunzi wengi huponzwa na hamu ya kufunga virago kwenda kijijini "kujionea", wakarudi na tope magotini na picha isiyouzika. Mwalimu wako awe François Boucher, aliyezaliwa Paris mwaka 1703 na kufa Paris mwaka 1770, akiwa mchoraji mkuu wa mfalme tangu 1765 na amepewa makazi ndani ya Louvre. Inasemekana aliwahi kulalamika kwamba maumbile yana ukijani wa kupita kiasi, na mwanga wake mbaya. Usimcheke. Fundi anayewajua wateja wake anajua pia kwamba rangi ya majani ni suala la mapatano: buluu kidogo kwa mbali, waridi kidogo mawinguni, na miti laini kama manyoya ya bata. Kijani cha Mungu mwachie Mungu.

Sasa utawapata wapi wachunga kondoo bila kutoka mjini? Jukwaani. Mwaka 1745 Charles-Simon Favart alionyesha kwenye gulio moja la Paris mchezo wa vitendo bila maneno, unaohusu mavuno ya zabibu, na Boucher akapata humo malighafi ya kumtosha miaka. Mwaka 1747 akatoa picha ambayo jina lake ni swali: je, wanawaza zabibu? Kijana na binti wameketi, wanalishana zabibu, kondoo wako karibu. Jibu la swali kila mtazamaji analo. Hakuna mgongo uliopinda, hakuna nyigu, hakuna msimamizi anayehesabu makapu. Mwigizaji ana faida nyingine pia: anafika kazini ameshaoga.

Anza na miguu. Binti mchunga kondoo mchore peku, maana upeku ndio cheti chake cha ukijijini. Bila huo atadhaniwa ni mtoto wa hakimu aliyepotea bustanini. Lakini mguu wenyewe uwe wa waridi, kisigino kororo, kucha safi. Aliyetembea peku hata mwezi mmoja anajua nyayo zinavyogeuka: zinakomaa, zinapasuka magaga, zinashika rangi ya udongo ambayo sabuni haiitoi. Boucher naye hakuwa kipofu. Alijua tu kwamba hakuna bibi wa Paris atakayetoa fedha zake ili aone magaga juu ya mlango wa chumba chake cha kulala. Kwa hiyo binti wa Boucher hutembea peku kwenye nchi isiyo na miiba, na tunapaswa kuamini kwamba amefika pale kwa miguu hiyo hiyo.

Nguo ni rahisi. Hariri, isiyokaa sawasawa begani. Utepe kwenye kofia, utepe kwenye fimbo, utepe shingoni mwa kondoo, na ukibakiwa na utepe, mfunge mbwa.

Hapo ndipo atakapokuja mtu mmoja kukuudhi. Mwaka 1761 Denis Diderot, mhariri wa ile Ensaiklopidia maarufu, alisimama mbele ya picha za Boucher kwenye maonyesho ya Louvre akauliza kwa kirefu: ni wapi duniani wameonekana wachungaji waliovaa kifahari namna hii? Na ni shughuli gani hasa iliyowakutanisha, nyikani, chini ya daraja, mbali na nyumba yoyote, wanawake na wanaume na watoto na ng'ombe na kondoo na mbwa na matita ya majani makavu na maji na moto na taa na masufuria? Akahitimisha kwamba bwana huyu ana kila kitu isipokuwa ukweli. Usijibizane naye. Soma mbele kidogo utamkuta anakiri kwamba pamoja na upuuzi wote huo, mtu hawezi kuondoka mbele ya picha; inamnasa, na akiondoka anairudia. Mkosoaji wa namna hiyo ni tangazo la bure, mwandalie kiti.

Tuje kwa wanyama, ambao wana kanuni zao. Kondoo halisi ana kupe, ana mavi yaliyogandamana nyuma, na kwato zake huoza wakati wa mvua. Wewe uliyewahi kutumwa kuchunga mbuzi wakati wa likizo unakumbuka kwamba kazi yenyewe ni kukimbia: ukiinama kufunga kamba ya kiatu wameshaingia kwenye mahindi ya jirani, na jirani ameshatoka na fimbo. Kondoo wa pichani hali, haendi popote, haugui, hana jirani. Ndiyo maana mchungaji wake ana nafasi ya mapenzi.

Ng'ombe wawe watatu. Hili si wazo langu. Ni la William Gilpin, kasisi wa Kiingereza aliyewafundisha matajiri wa kwao namna ya kutazama mandhari. Mwaka 1786 alieleza kwamba ng'ombe wawili ni vigumu kuwapanga wakapendeza, lakini wakiwa watatu mambo huwa karibu yamekwisha. Ikiwa tajiri wako ana wawili, mwongezee mmoja. Wa rangi hali majani.

Nguruwe wanataka uangalifu zaidi. Mwaka 1782 Thomas Gainsborough alipoonyesha picha yake ya msichana na nguruwe London, Sir Joshua Reynolds, mkuu wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa na mpinzani wake wa siku zote, aliinunua kwa gini 100, zaidi ya bei aliyotajiwa. Sifa zikafurika. Lakini inasimuliwa kwamba mtu mmoja wa shamba alipoitazama alisema nguruwe hao wamefanana na nguruwe kweli, tatizo ni moja tu: hajawahi kuona nguruwe wakila pamoja bila mmojawao kuweka mguu ndani ya chombo. Tahadhari na watu wa aina hii. Wasikaribishwe kwenye maonyesho.

Njiwa ni lazima. Mwaka 1750 Boucher alimchorea Madame de Pompadour, kipenzi cha Mfalme Louis wa 15, picha mbili kwa ajili ya kasri lake la Bellevue, na katika mojawapo binti mchunga kondoo amemshika njiwa aliyefungwa barua ya mapenzi shingoni kwa utepe. Kwamba msichana wa zizini anajua kusoma na kuandika, ana karatasi, na ana wino, hayo tuyaache. Mtazame njiwa. Ni mweupe, ametulia, na amenenepa. Unene huo uchore kwa heshima, kwa sababu umegharamiwa na mtu. Katika sehemu kubwa ya Ufaransa ya wakati ule, kujenga mnara wa njiwa ilikuwa haki ya bwana mwenye ardhi. Njiwa walilala kwa bwana wakala kwa mkulima: mbegu haijafunikwa udongo, wameshatua. Na mkulima hakuruhusiwa kuwapiga. Alisimama ukingoni mwa shamba lake akipiga makofi na kupayuka, huku mavuno ya mwaka ujao yakiingia matumboni mwa ndege wa mwenzie. Ndiyo sababu Bunge la Mapinduzi lilipokaa Agosti 1789 kufuta ukabaila, likiwa na mambo mazito ya zaka na mahakama za mabwana, lilitenga kifungu kizima kwa ajili ya minara ya njiwa: njiwa wafungiwe katika majira yatakayopangwa na kila jumuiya, na wakionekana nje, kila mtu ana haki ya kuwaua kwenye ardhi yake. Na hicho kilikuwa kifungu cha pili, kinachofuata kile cha kufuta ukabaila wenyewe.

Ukimchorea mteja njiwa wa mapenzi, usimweleze haya.

Sasa tumefika kwenye kiini cha ufundi, yaani namna ya kuficha kazi. Kuna njia ya mkato, ambayo ni kuchagua saa. Chora adhuhuri, wakati wa mapumziko, au jioni watu wanaporudi. Saa mbili asubuhi haimo katika siku ya mchoraji wa mashamba. Gilpin, kasisi wetu wa ng'ombe watatu, aliliweka jambo hili wazi kuliko wote: kimaadili, alisema, mtu anayechapa kazi hupendeza kuliko mkulima anayezurura, lakini kwa jicho la mandhari mambo ni kinyume. Yaani mvivu ndiye hupendeza. Usishangae basi kumkuta mteja yule yule akimsifu mkulima mvivu ukutani na kumfukuza mkulima mvivu getini.

Njia ya pili inataka ujasiri: mwondoe mfanyakazi kabisa, ubakize kazi yake. Hodari wa hili ni Gainsborough alipokuwa bado kijana. Mnamo mwaka 1750 alimchora Bwana Robert Andrews na mkewe Frances kwenye ardhi yao karibu na mji wa Sudbury, na picha iko National Gallery, London. Kushoto, chini ya mwaloni, wako wenye mali: bwana kasimama na bunduki kwapani na mbwa miguuni, bibi kaketi na gauni la buluu lililotanuka mpaka likajaza benchi. Kulia ni ngano. Imeshakatwa, imefungwa miganda, miganda imesimamishwa wima ikauke. Mabua yaliyobaki ardhini yamekaa kwa mistari iliyonyooka, dalili kwamba shamba lilipandwa kwa mashine ya kupandia, ambayo siku zile ilikuwa jambo la kisasa la kujivunia. Kila kitu kimefanywa vizuri. Aliyefanya hayupo. Hayuko nyuma ya mti, hayuko kwa mbali, hakuna hata mundu uliosahauliwa. Mapajani mwa Bibi Andrews pana kipande ambacho Gainsborough hakukimaliza, na wataalamu wanabishana hadi leo kama palikusudiwa kitabu, ndege wa kuwindwa au mtoto mchanga. Wavunaji hawakuachiwa hata kipande kitupu. Wahenga wetu wa pwani walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kazi yako wewe ni kuhakikisha vinaonekana kuelea tu.

Na kama mteja anang'ang'ania kuwaona watu wake? Wapo wa hivyo. Mpeleke kwa George Stubbs, ambaye mwaka 1785 alichora jozi ya wakata nyasi na wavuna ngano. Wanafanya kazi, huwezi kukana. Lakini mashati ni meupe pe, wanawake wamevaa kofia kama wanaokwenda kanisani, na hakuna mwenye jasho hata tone. Kwenye picha ya wavunaji yupo pia msimamizi juu ya farasi. Mchore na wewe. Mteja hutulia akimwona. Mwanazuoni John Barrell aliandika kitabu kizima mwaka 1980 kuonyesha jinsi wachoraji wa Uingereza walivyowagawia matajiri mwanga na maskini kivuli, na ukizitazama picha tena ukiwa na habari hiyo utaona kwamba jua la Uingereza, ambalo ni haba, liligawiwa kwa kufuata hati za ardhi.

Mandhari yenyewe yasikusumbue. Reynolds alisimulia kwamba Gainsborough alijitengenezea nchi juu ya meza: mawe yaliyovunjika yakawa miamba, majani makavu yakawa miti, vipande vya kioo vikawa maji. Wengine wakaongeza kwamba misitu yake ilikuwa brokoli. Mboga hiyo ukiipata sokoni, nunua mbili. Moja msitu, moja chakula cha jioni. Kwa mtalii asiyejua kuchora kuna kioo cheusi kidogo kilichobinuka, kilichopewa jina la mchoraji Claude. Unaipa mandhari mgongo, unaitazama kiooni, nayo inatulia na kuwa kama picha ya kale. Mshairi Thomas Gray alikwenda nacho kwenye nchi ya maziwa huko Uingereza mwaka 1769, akaanguka chali kwenye njia ya matope akiwa nacho mkononi, akaumia vifundo vya vidole.

Mwenye ardhi kubwa hahitaji kioo, anaibadilisha nchi. Achimbe handaki lenye ukuta upande mmoja, lisiloonekana kutoka dirishani. Waingereza huliita haha. Kutoka sebuleni kondoo wataonekana wamo bustanini, lakini hawawezi kufika kuharibu maua. Ni uvumbuzi wa hali ya juu: kuwa na kondoo machoni bila kuwa nao puani. Kikibaki kijiji kinachoziba mandhari, kihamishe. Katika miaka ya 1760 Earl Harcourt alikiondoa kijiji cha Nuneham Courtenay, karibu na Oxford, akakijenga upya kando ya barabara mbali na macho yake, na kanisa la kale akalibomoa, akajenga jipya la umbo la hekalu la Kigiriki. Baadaye Lord Milton alifanya vivyo hivyo huko Dorset kwa mji mzima wa Milton Abbas. Inasimuliwa kwamba mwanasheria mmoja aligoma kuhama, bwana akafungulia maji yakaifurika nyumba ya mgomvi wake, na mwanasheria, kama ilivyo kawaida ya wanasheria, akamshtaki akashinda. Nyumba mpya zilizojengwa kwa ajili ya waliohamishwa zimesimama hadi leo, nyeupe, za makuti ya Kizungu, zote zinafanana, na zinapigwa picha sana kama mfano wa kijiji halisi cha Kiingereza cha asili.

Huko nyuma Bunge la Uingereza lilikuwa likisaidia kwa upande wake. Kati ya mwaka 1604 na 1914 lilipitisha miswada zaidi ya 5,200 ya kuzungushia uzio ardhi zilizokuwa za matumizi ya pamoja, malisho na kuni za maskini zikiwamo. Uzio ukaongezeka, na pichani malisho yakabaki bila uzio.

Mwanafunzi aliyefuzu hatua hizi anaweza kuacha turubai kabisa akajenga picha ya kuingia kwa miguu. Malkia Marie-Antoinette alianza kujengewa ya kwake mwaka 1783, katika bustani za Trianon huko Versailles, na msanifu Richard Mique. Ni kijiji kidogo kando ya ziwa la kuchimba, na mapaa yake mengi ni ya nyasi. Kuta zilikuwa mpya, na kijiji kipya hakiaminiki, hivyo mafundi walizichora nyufa, wakaigiza plasta iliyobanduka. Nadhani hakuna mkulima aliyepita pale akaelewa: kwao nyufa zinakuja zenyewe, bure, na hazina fundi. Kinu kilikuwa na gurudumu lililozungushwa na maji, ila ndani hapakuwa na jiwe la kusaga. Nyumba moja ilikuwa ya mchezo wa biliadi. Nyumba za maziwa zilikuwa mbili, ya kuyatengeneza na ya kuyaonja, na ya kuonjea ilikuwa ya marumaru.

Tuwe waadilifu hapa, kwa sababu watu wamemzulia mama huyu mengi. Wanahistoria hawaamini kwamba malkia alivaa kichungaji akakamua ng'ombe kwa ndoo ya kauri. Shamba lilikuwa shamba kweli, lenye mkulima wake, Valy Bussard, aliyeletwa na familia yake kutoka Touraine, na maziwa na mayai yalikwenda kasri. Malkia alikwenda pale kutembea, kula na kupumzika na watu wake. Kwa mwongozo wetu hilo ni bora zaidi: Bussard alifanya kazi, na malkia akaona mandhari. Tarehe 5 Oktoba 1789 alikuwa huko huko Trianon alipoletewa habari kwamba wanawake wa Paris wako njiani kwa miguu, katika mvua, kuja Versailles kudai mkate. Hakurudi tena.

Yapo mambo ambayo mchoraji wa mashamba asiyasome, yatamharibia mkono. Asisome habari za kodi ya chumvi, wala zaka, wala shokoa, ambapo wanakijiji walitolewa mashambani kutengeneza barabara za mfalme bila ujira. Asisome ghasia za unga za 1775, bei ya mkate ilipopanda na watu wakavamia masoko na maghala. Asiulize mvua ya mawe ya tarehe 13 Julai 1788 ilifanya nini kwenye ngano iliyokuwa karibu kuvunwa. Mawe ya barafu hayachoreki vizuri hata hivyo.

Na kuna shamba moja ambalo hata kulitaja ni mwiko, na linatuhusu. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya kisiwa cha Île de France, ambacho leo ni Morisi. Watu walitolewa bara ya kusini, wakashushwa pwani, wakavushwa bahari kwenda kulima mashamba ya wenyewe. Miaka 12 baadaye, mwaka 1788, Bernardin de Saint-Pierre alichapisha Paul et Virginie, hadithi ya watoto wawili wanaokulia katika maumbile safi, mbali na uovu wa Ulaya. Mahali alipopachagua ni kisiwa hicho hicho. Familia hizo mbili njema na maskini zina watumwa, Domingue na Marie, wenye moyo wa kazi na mapenzi kwa mabwana zao. Mwandishi alikuwa ameishi kisiwani, na katika kitabu chake cha safari cha 1773 alikuwa ameulaani utumwa wa pale, kwa hiyo hakukosa kujua. Ila wasomaji walikipenda kile cha pili zaidi, na watoto wale wawili wakachorwa kwenye saa, kwenye sahani na kwenye karatasi za ukutani.

Ikitokea mteja wako ana dhamiri, usiogope, nayo ina bidhaa yake. Muuzie Greuze. Kwenye maonyesho yale yale ya 1761 ambapo Diderot alimsema Boucher, Jean-Baptiste Greuze alileta picha ya uchumba wa kijijini: baba mzee amekwishamkabidhi mkwe mahari ya binti, karani anaandika mkataba, mama ana huzuni, na sakafuni kuku na vifaranga wake wanadonoa. Hakuna hariri, hakuna utepe kwa mbwa. Diderot akafurahi mno, hata kuku akamsifu. Nami kuku nampenda. Lakini angalia tena: hakuna anayedaiwa, na sakafu imefagiwa. Maskini wa Greuze anatofautiana na wa Boucher kwa jambo moja, kwamba huyu anamliza tajiri badala ya kumchekesha, na vyote viwili tajiri huvilipia.

Boucher mwenyewe alijua kupata wateja. Jozi yake ya mwaka 1749, picha moja ya wachungaji wa kiangazi na nyingine ya vuli, ilichorwa kwa ajili ya kasri la Daniel Trudaine, ofisa aliyesimamia barabara na madaraja ya ufalme, yaani zile barabara za shokoa. Leo zote mbili ziko London, katika Wallace Collection, mkusanyo uliojengwa zaidi na Marquess wa nne wa Hertford, aliyeishi Paris na kufa mwaka 1870. Fedha zake nyingi zilikuwa kodi za wakulima waliopanga ardhi yake huko Ireland, ambako hakuwa na desturi ya kwenda. Kuingia kuziona ni bure.